Mfuko na Mguu

Msomaji mpenzi, ukisafiri kwa barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi, ukiisha kupita Voi na Mtito Andei, utafika katika mji mdogo wa Kambu kabla hujafika Kibwezi. Kushotoni kwako utaviona vilima vya Chyulu. Na kuliani, mbali kidogo, mto Athi wateremka kuelekea baharini, na ng'ambo yake ni nchi ya Kitui. Ni nchi ya mibuyu, ya vumbi jekundu na ya mvua haba. Jioni, jua linapopunguza ukali wake, vijana huufukuza mpira mahali popote palipo tambarare. Mmoja ana viatu, mwingine hana. Lakini mpira ukiisha kuanza hapana aulizaye baba wa nani ana duka na baba wa nani hana. Mguu ndio uamuao.

Fuata barabara iyo hiyo mpaka ukaribie Nairobi. Hapo, kando ya njia, iko hoteli iitwayo Panari, na ndani yake mwaka 2005 ulifunguliwa uwanja wa barafu. Barafu katika nchi ya jua! Juu ya barafu hiyo, katika uwanja ulio mdogo kuliko viwanja vya mashindano, vijana wa Kenya walijifunza mpira wa magongo wa barafuni, wakavaa viatu vyenye makali ya chuma na kukipiga kisahani cha mpira mgumu kwa magongo yao. Timu yao ikaitwa Ice Lions, na mwaka 2018 wachezaji wake walialikwa Canada, ambako mchezo huo ni kama chakula cha kila siku.

Michezo hii miwili, mmoja wa vumbini na mwingine wa barafuni, haifanani kwa sura. Lakini historia zake zina swali moja, nalo ndilo nitakalo tulichunguze pamoja: je, katika mashindano ya klabu, mwenye mfuko mnene humshinda daima mwenye mguu mwepesi? Na ikiwa ndivyo, mchezo wenyewe hupatwa na nini?

Labda utasema kwamba jambo hili si kubwa. Tafakari kidogo. Mwenye duka hufurahi jirani yake anapofunga duka, kwa kuwa wanunuzi wote watakuja kwake. Klabu ya mpira haiwezi kufurahi hivyo. Wapinzani wake wakifa wote, itacheza na nani? Bidhaa iuzwayo uwanjani ni shaka: mtazamaji hulipa kiingilio kwa sababu hajui mwisho wa mchezo. Mwisho ukijulikana tangu asubuhi, mwenye akili hubaki nyumbani. Kwa hiyo klabu tajiri hukaa katika hali ya ajabu: yataka kuwashinda wenziwe, lakini yawahitaji wawe hai na wawe na nguvu.

Sasa tuitazame Kenya. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1963, mwaka ule ule wa uhuru. Bingwa wa kwanza alikuwa Nakuru All Stars. Mwaka 1964 taji likaenda kwa Luo Union. Mwaka 1965 likashuka pwani kwa Feisal ya Mombasa. Na mwaka 1966 likachukuliwa na Abaluhya, klabu iliyokuwa na umri wa miaka miwili tu. Miaka minne, mabingwa wanne, kutoka pembe mbalimbali za nchi. Mwaka 1968 klabu mpya ya Gor Mahia ikatwaa ubingwa katika mwaka ule ule wa kuzaliwa kwake.

Katika siku hizo utajiri wa klabu haukuwa fedha za benki. Ulikuwa watu. Wafanyakazi waliotoka magharibi ya nchi kutafuta kazi Nairobi, Nakuru na Mombasa waliikuta klabu ni kama kijiji chao kilichohamia mjini. Walichanga, walilipa viingilio, na walimtafutia kazi kijana aliyekuja kucheza. Klabu yenye watu wengi ilikuwa na mfuko mnene ijapokuwa kila mmoja wa watu hao alikuwa na mfuko mwembamba.

Utaona basi kwa nini historia ilikwenda ilivyokwenda. Tangu mwaka 1979 mpaka mwaka 1993, muda wa misimu kumi na mitano, hapana klabu iliyopata taji la Kenya isipokuwa mbili: Gor Mahia na ile Abaluhya ya zamani, ambayo serikali ilipotaka majina ya kikabila yaondolewe katika michezo iligeuka kuitwa AFC Leopards. Zilipokezana taji kama watu wawili wapokezanavyo kibuyu cha maji, na wengine wakisimama kando na kiu zao. Mwaka 1987 Gor Mahia ilikwenda mbele zaidi, ikatwaa Kombe la Washindi la Afrika kwa kwenda sare mara mbili na Espérance ya Tunisia, mabao 2 kwa 2 kule Tunis na bao 1 kwa 1 Nairobi, ikashinda kwa mabao ya ugenini. Kenya nzima ilishangilia.

Hapa nataka uwe mwangalifu, msomaji. Miaka hiyo ya klabu mbili ndiyo ambayo wazee wengi huikumbuka kwa furaha kuliko yote. Viwanja vilijaa, siku ya Gor na Leopards mji ulibadilika. Basi si kweli kwamba kila ukosefu wa usawa huua mchezo papo hapo. Maadamu wakubwa ni wawili, na wawili hao wana nguvu sawa, shaka ingali ipo. Lakini uliza upande wa pili: katika miaka hiyo kumi na mitano, kijana wa Nakuru, wa Mombasa, wa Kitui au wa Kambu alitumaini nini? Alitumaini kuondoka kwao. Furaha ya katikati ililipiwa na ukimya wa pembeni.

Kisha ikaja zamu ya mfuko wa aina nyingine, yaani mfuko wa kampuni. Kenya Breweries, timu ya watengenezaji wa bia ambayo baadaye iliitwa Tusker, ilikuwa imekwisha kupata taji mwaka 1972, 1977 na 1978. Ikarudi mwaka 1994 na 1996. Mwaka 1997 taji likaenda kwa Utalii, timu ya chuo cha mafunzo ya hoteli. Tusker ikatwaa tena mwaka 1999 na 2000. Oserian Fastac, timu ya shamba la maua la Naivasha, ikashinda mwaka 2001 na 2002. Timu ya jeshi, Ulinzi Stars, ikashinda mara tatu mfululizo, mwaka 2003, 2004 na 2005. Na mwaka 2006 ikashinda SoNy Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha Awendo.

Timu hizi zilikuwa na jambo moja ambalo klabu za watu hazikuwa nalo: mshahara uliofika mwisho wa mwezi. Mchezaji aliajiriwa, akalala kwa amani, akacheza. Gor Mahia, iliyopata taji mwaka 1995, ilingoja miaka kumi na minane kabla ya kulipata tena mwaka 2013. AFC Leopards ilishuka daraja kabisa, ikarudi ligi kuu mwaka 2009. Fahali wawili wa zamani waligeuka ng'ombe wenye njaa.

Wahenga walisema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini, nao ukweli wa neno hilo ulionekana upesi. Timu ya kampuni haiishi kwa nguvu zake, huishi kwa hesabu za wakuu wa kampuni. Na siku hesabu zinapobadilika, timu hutoweka kama umande. Oserian, bingwa wa mara mbili, haikukaa miaka mingi katika ligi kuu. SoNy Sugar, bingwa wa mwaka 2006, ilifukuzwa katika ligi mwaka 2019 kwa kushindwa kufika uwanjani kucheza mechi zake, kwa kuwa fedha zilikwisha. Fikiri jambo hilo: timu ya kiwanda kizima haikuweza kusafiri kwenda kucheza.

Hata hivyo iko miaka mitano ambayo napenda uikumbuke. Mwaka 2006 bingwa alikuwa SoNy Sugar, 2007 Tusker, 2008 Mathare United, 2009 Sofapaka, 2010 Ulinzi Stars. Miaka mitano, mabingwa watano. Sofapaka ilianza kama timu ya kanisa, ikalelewa na mfanyabiashara Elly Kalekwa, ikashinda katika msimu wake wa kwanza wa ligi kuu. Na Mathare United ilitoka katika mtaa wa mabanda wa Mathare, katika chama cha vijana kilichoanzishwa mwaka 1987. Chama hicho kilikuwa na kanuni nzuri: timu ya watoto iliyosafisha mtaa wake, ikazoa taka na kuzibua mifereji, iliongezewa pointi katika mashindano. Watoto wale walijifunza kwamba ushindi waweza kuanza na fagio. Kutoka kwao likatoka taji la taifa.

Miaka hiyo fedha za televisheni zilikuwa zimeanza kuingia kwa mkataba wa mwaka 2007, na ligi nzima ikapata mgawo, hata zile klabu zisizo na kampuni nyuma yake. Sidai kwamba mgawo huo peke yake ndio ulioleta mabingwa watano, maana wa kwanza wao alishinda kabla ya mkataba. Lakini ulimpa kila mmoja chakula cha kuanzia safari. Mwaka 2017 kituo hicho cha televisheni kilijiondoa. Mwaka 2019 kampuni ya kamari iliyokuwa mdhamini wa ligi, na pia wa Gor Mahia na AFC Leopards, ikaondoka katika mzozo wake na serikali juu ya kodi na leseni. Mfuko mmoja ulipofungwa, wakubwa na wadogo walishika tama pamoja.

Tangu mwaka 2013 Gor Mahia imerudi kilele, ikashinda mara nne mfululizo kutoka 2017 hadi 2020, na kufikisha mataji 21 mwaka 2024. Tusker ina mataji 13, na AFC Leopards ina zaidi ya kumi. Hesabu hizo utaona kwamba klabu tatu zimechukua mataji zaidi ya 40 tangu mwaka 1963. Msimu wa 2024/2025 taji lilikwenda kwa Kenya Police, kwa mara ya kwanza. Nayo ni timu ya idara ya serikali, yenye ajira. Ukiipitia orodha yote ya mabingwa, tangu Nakuru All Stars hata hao polisi, hutaliona jina hata moja la klabu ya Kitui wala ya Makueni.

Usidhani kwamba jambo hili ni la Kenya peke yake. Nenda Tanzania, ambako Yanga ilizaliwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936. Zamani miji mingine iliwahi kuonja utamu: Mseto ya Morogoro mwaka 1975, Tukuyu Stars mwaka 1986, Coastal Union ya Tanga mwaka 1988, Mtibwa Sugar mwaka 1999 na 2000. Lakini tangu mwaka 2001 mpaka msimu wa 2024/2025 kila taji lilikwenda kwa Simba au Yanga, isipokuwa moja tu. Moja hilo lilichukuliwa na Azam msimu wa 2013/2014. Na Azam ni nani? Ni klabu ya kampuni kubwa ya unga na vinywaji. Ukuta wa matajiri wawili haukubomolewa na maskini. Ulibomolewa na tajiri wa tatu.

Sasa turudi barafuni, tuone kama wenzetu wamepata dawa. Ligi kubwa ya mchezo ule katika Canada na Marekani ilikuwa na klabu sita tu tangu mwaka 1942 hadi 1967. Katika misimu hiyo 25 Montreal ilitwaa Kombe la Stanley mara 10, Toronto mara 9, Detroit mara 5 na Chicago mara 1. Boston na New York hazikupata kitu. Kutoka 1956 hadi 1960 Montreal ilishinda miaka mitano bila kupumzika. Siri yake haikuwa uchawi. Klabu kubwa zililisha timu za vijana katika miji na vijiji, na kijana aliyechezea timu iliyolishwa alikuwa amekwisha kufungwa kamba kabla hajaota ndevu. Aliyelisha timu nyingi alivuna wengi.

Dawa zao zilikuwa tatu. Ya kwanza ilianza mwaka 1963: vijana wasiofungwa na klabu yoyote waligawiwa kwa zamu ya kuchagua, ili tajiri asiwazoe wote. Baadaye ikawa desturi kwamba walioshindwa vibaya ndio watangulizwao. Ya pili na ya tatu zilikuja kwa uchungu. Wenye klabu na wachezaji waligombana juu ya mishahara hata msimu mzima wa 2004/2005 ukafutwa, na kombe halikushindaniwa. Walipopatana, waliweka kikomo cha mishahara: katika msimu wa 2005/2006 hapana klabu iliyoruhusiwa kuwalipa wachezaji wake wote zaidi ya dola milioni 39. Tena klabu zenye mapato makubwa zikatakiwa kuchangia zile zenye mapato madogo.

Matokeo yake? Kutoka mwaka 2006 hadi 2012 kombe lilichukuliwa na klabu saba mbalimbali katika miaka saba: Carolina, Anaheim, Detroit, Pittsburgh, Chicago, Boston na Los Angeles. Na Toronto, klabu ya mji mkubwa wenye mali nyingi, haikupata kombe tangu mwaka 1967 mpaka 2025. Mfuko ulifungwa kamba, mguu ukapata nafasi.

Lakini dawa yoyote ina uchungu wake, nami sitaki nikufiche. Kikomo kile kiliwanufaisha pia wenye klabu, maana kilizuia mishahara isipande. Mtu aweza kuvaa joho la usawa huku akificha faida yake ndani ya mkono wa joho. Tena kikomo chahitaji hesabu zilizo wazi, na ligi iliyo na fedha za kugawa. Kumwekea kikomo mtu asiyelipwa mshahara ni mzaha.

Kwa hiyo tusiige barafu kwa kuwa ni barafu. Tuulize kwanza kama sisi wenyewe hatukuwa na hekima ya namna hiyo. Nchini Ukambani iko desturi iitwayo mwethya. Watu wa mahali pamoja hukusanyika na majembe, wakachimba matuta katika shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, ili mvua chache inyeshayo isichukue udongo wote. Mwenye ng'ombe wengi hushika jembe kwenye shamba la mwenye mbuzi mmoja. Hafanyi hivyo kwa huruma tu. Ajua kwamba shamba la juu likimomonyoka, maji yatashuka kwa nguvu na kulibomoa la chini. Kwa matuta hayo vilima vilivyokuwa vimechunwa kama ngozi vilirudi kumea. Ligi ya mpira ni mlima wa namna iyo hiyo: anayeliacha shamba la jirani life ajichimbia korongo lake mwenyewe.

Pengine wewe usomaye ni mwanafunzi wa Kambu, na wasema: mimi si mkuu wa ligi, nitafanya nini? Liko jambo moja, dogo na la kweli. Mwaka 2001 shirikisho la mpira la dunia liliweka kanuni kwamba mchezaji anaponunuliwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, sehemu tano katika mia za bei yake zigawiwe klabu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Haki hiyo haichagui ukubwa wa klabu. Lakini haki hudaiwa kwa ushahidi; na klabu ya kijijini isiyosajiliwa, isiyoandika jina la mchezaji, siku aliyoingia na siku aliyotoka, haina la kuonyesha. Kijana wake atavuka bahari, bei yake itasomwa magazetini, na uwanja alikojifunzia utabaki bila hata nyavu za goli.

Basi timu yenu ikihitaji mwandishi, usikatae. Nunua daftari, upige mistari, uandike majina. Kazi hiyo haina shangwe, wala hapana atakayekubeba mabegani kwa ajili yake. Lakini matajiri wa mchezo, tangu Montreal hata Nairobi, walipata nguvu zao kwa kumjua na kumwandika kijana mapema. Walio pembeni walipoteza vijana wao kwa sababu hawakuwaandika popote. Mguu wa kijana wa Kambu hauna kasoro. Mpaka sasa umekosa mkono wa kuuandika.